Kiti cha Kushoto

Jambo hili lilimpata Wakhungu, daktari wa mifugo aliyeishi nyumba ya tatu kutoka kwetu mtaani Matisi, mjini Kitale. Ilikuwa mwezi wa nane mwaka 2006, Jumamosi ya kawaida kabisa. Asubuhi alimtibu ng'ombe mmoja aliyevimba kiwele, akanawa mikono, akanywa chai aliyopikiwa na dada yake Nasimiyu, kisha akatoka kwenda kuangalia gari.

Mkewe, Edah, alikuwa amefariki Novemba iliyotangulia. Siku alipozidiwa alimpigia mumewe simu akamwambia, "Wacha hiyo kazi. Geuza pikipiki urudi." Wakhungu alikuwa mbali, kwenye boma la mkulima kule Ndalu, mkono mzima umo ndani ya ng'ombe, na ndama alikuwa ametanguliza miguu ya nyuma. Alijibu, "Nipe saa moja tu." Alipofika nyumbani alikuta majirani wamesimama mlangoni na kofia zao mikononi.

Tangu siku hiyo hakulia. Si kwamba alijizuia. Kilio chenyewe hakikuwepo. Chakula kilikosa ladha, nyimbo za kanisani zilikuwa sauti tu, na ile mikono yake iliyosifika kwa kumpapasa ndama tumboni mwa mama yake na kujua amelalaje, sasa ilikuwa kama mikono ya mtu mwingine. Mara moja alishika sufuria jikoni, na hakujua ilikuwa ya moto mpaka alipoona malengelenge.

Nasimiyu alikuwa amehamia kwake ili kumtunza. Jioni moja alimwambia, "Ndugu yangu, nunua kitu. Si lazima kiwe cha maana. Kitu unachotaka wewe."

Wakhungu alifikiri siku tatu nzima. Katika maisha yake yote alikumbuka kitu kimoja tu alichowahi kukitaka kwa moyo: gari la mbio. Utotoni alisimama kando ya barabara kila Pasaka, akisubiri magari ya mashindano yapite yamejaa matope mpaka kwenye vioo.

Gari la kwanza aliliona Kitale, kwenye yadi ya mama mmoja aitwaye Gladwell. Lilikuwa Subaru ya buluu, ya mwaka tisini na tisa, na halikuwa na muda mrefu tangu litoke bandarini. Gladwell alifungua mlango akampa ufunguo.

"Daktari, hii ni kijana bado," alisema. "Endesha mwenyewe ujionee. Lakini usikae sana kufikiria, kuna mtu wa Eldoret ananisumbua."

Wakhungu aliliendesha hadi Kiminini na kurudi. Lilikimbia bila kutetemeka. Halikuwa na harufu, halikuwa na kelele, halikuwa na kasoro yoyote. Alikaa ndani yake akasikia vilevile anavyosikia akikaa kitandani, akikaa kanisani, akikaa popote. Alimwambia Gladwell atampa jibu Jumatatu.

La pili lilikuwa Bungoma, na aliyempeleka ni Kagwe, fundi wake wa siku nyingi. Walikwenda na pikapu ya Kagwe siku hiyohiyo. Mwenye gari alikuwa Mama Nakhumicha, mjane wa dereva wa zamani aliyeitwa Wamalwa. Aliwapeleka nyuma ya nyumba, kwenye banda la mahindi, akavuta turubai. Chini yake palikuwa na Datsun ya mwaka sabini na mbili, ya viti viwili tu, pua ndefu, rangi ya chungwa iliyopauka.

Kagwe alipiga mluzi. "Bana! Hii mtu akiona Nairobi anaweza lia."

Alifungua mlango wa kushoto, akaketi kwenye kiti cha abiria ili achungulie chini ya dashibodi. Hakukaa hata dakika. Alitoka akijisugua mikono kama mtu aliyetoka mtoni.

"Kuna nini?" Wakhungu akauliza.

"Hakuna kitu. Baridi tu." Kagwe alitazama banda, akatazama jua lililokuwa likiwaka nje. "Wewe endesha. Mimi nitakufuata na pikapu."

Mama Nakhumicha alimpa Wakhungu ufunguo. Hakuonekana kama mtu anayetaka kuuza, wala kama mtu anayetaka kubaki nalo.

"Kaa nalo mpaka Jumatatu, papa," alisema taratibu, akimwita kama mama amwitavyo mwanawe. "Ukilipenda, tutaongea. Lakini hapo kushoto usiweke mtu. Mzee wangu hakuweka mtu hapo mpaka akafa."

Wakhungu alisikia. Alisikia kama alivyokuwa akisikia kila kitu siku hizo, kwa mbali, kama mtu anaongea nyumba ya jirani.

Waliondoka Bungoma saa tisa mchana kupitia Chwele. Datsun ilinguruma na kutikisika, usukani ulikuwa mzito, joto la injini lilipenya mpaka magotini. Pikapu ya Kagwe ilionekana kwenye kioo, nyuma kidogo. Baada ya Chwele barabara ilianza kujipinda. Hapo ndipo alipoisikia.

"Kulia, taratibu."

Ilikuwa sauti ya mwanamume. Ya chini, kavu, isiyo na haraka. Ilitoka kushoto kwake.

Wakhungu aligeuza kichwa. Kiti kilikuwa kitupu. Akatazama mbele, na barabara ikapinda kulia, taratibu.

"Mita mia. Daraja jembamba. Shika katikati."

Daraja lilitokea. Lilikuwa jembamba. Alishika katikati.

Mtu mwingine angesimamisha gari akakimbilia kwenye mahindi. Wakhungu hakuogopa. Uoga nao ulikuwa umekwenda na vitu vingine vyote. Alichofanya ni kutii. Sauti ilisema kushoto kali, akakata kushoto. Ilisema punguza, akapunguza. Mara moja ilisema, "Mkuyu mkubwa, kulia kwako," na pale pakawa na kisiki kilichooza, kipana kama meza, cha mti uliokatwa zamani. Ilikuwa inamsomea barabara ya miaka mingi iliyopita, na barabara hiyo bado ilikuwa sahihi.

Kisha akagundua jambo. Alikuwa anausikia usukani. Vidole vyake vilisikia mishono ya ngozi, jasho, mtetemo wa magurudumu. Mikono ilikuwa yake tena.

Walipofika Kimilili, penye njia ya kupanda mlimani, sauti ilisema, "Kushoto. Panda." Wakhungu aliona pikapu ya Kagwe kwenye kioo, akanyoosha kwenda Kitale.

Sauti haikusema neno tena. Lakini alipoegesha nyumbani na kuugusa mto wa kiti cha kushoto, aliukuta umebonyea, na una joto.

Jioni hiyo Nasimiyu alimsikia kaka yake akiimba bafuni. Miezi tisa hakuwa amemsikia akiimba, na badala ya kufurahi alisimama ukumbini na mwiko mkononi. Wimbo haukuwa na maneno ya wimbo. Alikuwa anaimba, "Kulia kali, mita hamsini, daraja."

Alipomuuliza, alimwambia yote bila kuficha, kama anayeeleza habari za kazini.

"Nitachukua hii," alimalizia. "Subaru ni gari zuri, lakini hii inanifanya nisikie mikono. Kesho baada ya kanisa napanda Kapsokwony, kule mlimani. Alitaka tupande."

"Nani alitaka?"

Wakhungu alichukua ufunguo wa gari mezani, akaenda kulala.

Nasimiyu hakulala vizuri. Alifanya hesabu za moyo wake: kaka amechanganyikiwa kwa majonzi, au kaka amekaa na mtu ambaye si mtu. Kwa vyovyote hangemwacha aende peke yake. Jumapili, walipotoka ibadani, alimtangulia kwenye gari, akafungua mlango wa kushoto.

"Mama wa Bungoma alisema pasikaliwe," Wakhungu alimkumbusha.

"Nimesikia. Mimi nitakaa hapo. Nikikaa, yeye atakosa pa kukaa." Aliweka Biblia mapajani, akafunga mkanda.

Mpaka Kimilili mambo yalikuwa ya kawaida. Nasimiyu aliongea kuhusu mahubiri, kuhusu bei ya unga, kuhusu binamu yao anayeoa Desemba. Wakhungu aliitikia, na mikono yake ilikuwa imekufa tena. Sauti haikuwepo. Aliwaza kwamba pengine dada yake amefaulu. Jambo hilo lilimuuma, na maumivu yenyewe yalimshangaza.

Waliiacha lami, wakaanza kupanda. Barabara ilikuwa ya udongo mwekundu, imechimbika, na mvua ya mchana ilikuwa imeanza kukusanyika juu ya mlima. Kona ya kwanza. Ya pili. Ukungu ulishuka ghafla, mweupe, ukafunika mashamba, ukafunika kingo za barabara. Ilikuwa saa nane mchana lakini taa za gari zilionyesha hatua kumi tu.

Nasimiyu alikuwa katikati ya sentensi kuhusu binamu. Akanyamaza.

"Kulia kali," akasema.

Wakhungu alimtazama. Macho ya dada yake yalikuwa yamefumbwa. Midomo ilikuwa inasogea. Sauti ilikuwa ya mwanamume, ya chini, kavu, isiyo na haraka.

"Mita sitini. Kushoto. Usifunge breki, jiwe."

Kona ilitokea. Jiwe lilitokea. Mikono ya Wakhungu iliamka.

Alijua anapaswa kusimama. Alijua. Lakini joto lilimpanda kutoka vidoleni hadi mabegani, na kwa mara ya kwanza tangu Novemba alisikia moyo wake unadunda. Aliongeza gia. Datsun ilinguruma. Sauti ilimsomea, naye akatii, kona baada ya kona, ndani ya weupe ule.

"Kushoto. Mita mia. Kulia taratibu. Vizuri."

"Vizuri," Wakhungu akarudia.

"Sasa nyoosha."

Mbele palikuwa na ukungu tu.

"Nyoosha. Kanyaga."

Alikanyaga.

"Usigeuze. Nyoosha. Nyoosha."

Hakujua ni kwa nini alitazama kushoto wakati ule. Alimwona dada yake. Mdomo ulikuwa unaongea kwa utulivu, lakini machozi yalikuwa yanamtiririka chini ya kope zilizofumbwa, na mkono wake mmoja ulikuwa umeshika sketi, umeikunja, umeikaza mpaka vifundo vya vidole vikawa vyeupe. Mdomo haukuwa wake. Machozi yalikuwa yake.

Wakhungu alifunga breki.

Gari liliteleza. Lilizunguka kidogo, likapiga kelele, likasimama. Injini ikazima. Kimya.

Alifungua mlango, akaweka mguu chini. Hatua mbili mbele ya pua ya gari ardhi iliishia. Barabara ya zamani ilikuwa imenyooka pale, kisha mlima ukaporomoka na kuimeza, na barabara mpya ikachongwa kwa kupinda kushoto. Chini hakuona kitu. Alisikia maji tu, mbali sana.

Nyuma yake, ndani ya gari, sauti iliongea. Haikuwa na hasira. Ilikuwa imechoka.

"Nimekwambia nyoosha," ilisema kwa kinywa cha Nasimiyu. "Mbona hamnisikilizi?"

Alimtoa kwa kumvuta mabegani. Nasimiyu alianguka kwenye matope, akafumbua macho, akauliza wamefika wapi. Koo lake lilikuwa limekauka kama la mtu aliyehubiri siku nzima. Hakukumbuka chochote baada ya binamu na harusi. Waliliacha gari pale pale, wakatembea mpaka kwenye boma moja la karibu, na mwenye boma akawatafutia pikipiki ya kuwashusha Kimilili.

Jumatatu Kagwe alipanda na pikapu na kamba, wakaikokota Datsun mpaka Bungoma. Ilibidi Wakhungu aketi ndani ashike usukani. Njia nzima alisubiri. Kona zilipita, daraja likapita, kisiki kikapita. Kiti cha kushoto hakikusema neno.

Mama Nakhumicha aliwakaribisha kwa chai. Aliona matope mekundu kwenye magurudumu, akajua ni ya wapi.

"Ulipanda," alisema.

"Nilipanda, mama. Huyo ni nani?"

Mama alizungusha kikombe mkononi kwa muda.

"Ngige. Mtu wa huko kwenu Kitale. Alikuwa msomaji wa mzee wangu. Yeye anasoma njia, Wamalwa anaendesha. Walikuwa kama mapacha. Mwaka sabini na nane kulikuwa na mashindano ya wenyeji hapo mlimani. Ukungu ukashuka. Ngige akasema nyoosha. Mzee hakuona barabara, akaogopa, akakata kushoto. Wakagonga ukuta wa mlima na gari hilihili, upande wa Ngige, akafa hapohapo." Aliongeza chai kikombeni. "Barabara ilikuwa imenyooka, papa. Ngige alikuwa sawa. Mara moja tu hakusikilizwa, na ndiyo hiyo."

Wakhungu aliweka kikombe chini. Chai ilimmwagikia mkononi, na alisikia kabisa inavyomuunguza. Alitaka kusema jambo kuhusu simu, kuhusu ng'ombe na saa moja aliyoomba. Halikutoka.

"Mzee alikuwa anaingia bandani kila jioni, anakaa humo," Mama Nakhumicha aliendelea. "Namsikia anasema, 'Nisamehe.' Halafu anasomewa ile kona. Kila siku. Miaka ishirini na minane, mpaka alipozikwa mwaka huu."

Aliinuka, wakamfuata hadi bandani. Alifungua mlango wa kushoto wa Datsun, akainama, akaingiza kichwa ndani kama mtu anayesikiliza pumzi za mtoto aliyelala. Aliponyanyuka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Hayumo," alinong'ona.

"Ati nini?" Kagwe akauliza.

Mama hakumtazama Kagwe. Alimtazama Wakhungu, kwa huruma iliyomfanya arudi nyuma hatua moja.

"Hayumo. Umemwacha wapi?"

Wakhungu alimshukuru, akamrudishia ufunguo, wakaondoka. Jioni hiyohiyo alipita kwa Gladwell akachukua Subaru.

"Umechagua vizuri, daktari," Gladwell alimwambia akimpa karatasi za gari. "Hizo za zamani ni za kupiga picha tu."

Gari lilimtumikia vyema. Alilitumia kazini, kanisani, na kwenye harusi ya binamu Desemba. Hakusikia sauti yoyote. Mikono yake ilirudia ganzi yake siku chache tu baadaye, na alifanya nayo kazi hivyohivyo, na watu wakasema anaendelea vizuri. Nasimiyu alikuwa anakaa kiti cha nyuma kila waliposafiri, naye Wakhungu hakumuuliza sababu. Mbele kushoto hakuwahi kumbeba mtu. Hata mkoba hakuweka pale. Hakuwa amepanga iwe hivyo.

Januari mwaka 2007, taa moja ya dashibodi ilianza kuwaka na kuzima, akalipeleka kwa Kagwe. Ilikuwa kiangazi kikali. Kitale haikuwa imepata tone la mvua wiki sita, na vumbi lilikuwa limepaka kila jani. Kagwe alitaka kufuata waya zinazopita chini ya zulia upande wa abiria. Zulia lilikuwa safi, jipya, halina hata alama ya kiatu. Alifungua skrubu, akalikunja.

Wakhungu alikuwa amesimama nje akiongea na simu. Aliona mgongo wa Kagwe ukikakamaa.

"Daktari," Kagwe aliita kwa sauti ndogo. "Kuja."

Bati la sakafu lilikuwa limebonyea mahali pawili, bega kwa bega, mbele ya kiti. Vishimo viwili vya duara, vilivyolika mpaka chuma kinang'aa, kama kizingiti kilichokanyagwa vizazi na vizazi. Ukubwa wa visigino. Visigino vya mtu aliyejikaza kitini, miguu imesukuma mbele, akijiandaa kwa kona.

"Hii gari ina miezi tano kwako," Kagwe alinong'ona. "Hii ni kazi ya miaka. Na zulia liko sawa, bana. Zulia liko sawa."

Wakhungu alipiga magoti kwenye vumbi la gereji. Ndani ya vile vishimo mlikuwa na udongo mwekundu, kama ule wa kule mlimani. Aliugusa kwa kidole kimoja.

Ulikuwa umelowa.